Gome la msesewe na utomvu wa msonobari

Ukipita katika mitaa ya Majengo, Moshi mjini, asubuhi kabla jua halijapanda, utakutana na harufu ambayo mgeni lazima aiulize. Ni harufu ya ndizi mbivu zilizochemshwa jana au juzi, sasa zimeanza kuchacha. Mwenyeji hana haja ya kuuliza. Anajua kuna mtu anapika mbege.

Siku moja nilimwamkia mama mmoja mpika pombe wa mtaa huo, nikamwuliza jambo lililokuwa likinisumbua kwa muda mrefu. Ndizi zina utamu, ulezi una nguvu yake. Je, lile gome chungu la mti wa msesewe linatiwa la nini? Mama yule akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chai inawekwa majani. "Mwanangu," akasema, "bila msesewe huo ni uji tu. Kunywa, ushibe, ukalale."

Jibu hilo lilinipeleka mbali, hadi Ugiriki. Huko nako wana kinywaji cha kale ambacho ndani yake umo mti. Zamani Wagiriki walihifadhi mvinyo katika mitungi mirefu ya udongo, na udongo hupitisha hewa. Hewa ikiingia, mvinyo unageuka siki. Dawa waliyoipata ni utomvu wa msonobari, kwa kupaka mitungi na kuziba midomo yake. Utomvu ukaacha ladha yake ndani ya mvinyo. Baadaye yalikuja mapipa ya mbao, na baadaye tena chupa za kioo, ambavyo havihitaji utomvu hata kidogo. Lakini ulimi ulikwisha kuzoea. Mpaka leo Mgiriki anatia utomvu kwa makusudi, na mvinyo huo anauita retsina. Mgeni akiuonja mara ya kwanza hukunja uso, sawasawa na mtalii anayepewa kata ya mbege kule Marangu.

Usidhani kwamba Wagiriki nimewaokota njiani ili kupamba hadithi. Walikuwa hapa hapa. Wengi wao waliingia nchini zama za Wajerumani wakiwa mafundi na makandarasi wa reli. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na baada ya hapo baadhi yao wakapata mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na wengine mashamba ya mkonge huko Tanga na Morogoro. Udongo wa mlima wetu unatokana na volkano. Kule kwao, kisiwa cha Santorini ni mabaki ya volkano iliyolipuka yapata miaka 3,600 iliyopita, na hadi leo watu wanapanda mizabibu ndani ya majivu yake. Mlowezi wa Kigiriki aliyelima kahawa hapa alikuwa juu ya udongo wa aina anayoifahamu, jirani na watu wanaopika kinywaji kwa akili anayoifahamu. Sijui kama aliwahi kuliona hilo.

Maana mbege si kazi ya papara. Ndizi zinangojwa ziive sawasawa, zinachemshwa kwa muda mrefu mpaka rangi inageuka na kuwa nyekundu ya kahawia, kisha zinaachwa siku kadhaa zichache. Hiyo huitwa nyalu. Huko pembeni ulezi umelowekwa, umefunikwa ukaota, umeanikwa ukakauka, umesagwa. Unapikwa uji, unatiwa gome la msesewe, nao huo ni mso. Nyalu inachanganywa na maji na kuchujwa. Maji yake yanakutanishwa na mso, na kesho yake ndiyo mbege. Ukihesabu tangu ulezi ulipolowekwa, umepita muda wa juma au zaidi. Mshairi wa Kigiriki Hesiodos, zaidi ya miaka 2,600 iliyopita, aliwaelekeza wakulima wakishachuma zabibu waziweke juani siku 10, usiku na mchana, kisha kivulini siku 5, ndipo wazikamue. Nadhani mama wa Majengo angemsikiliza kwa heshima, halafu angemsahihisha mahali fulani.

Na ulezi wenyewe una historia. Wachaga waliulima sehemu za chini za mlima kwa maji ya mifongo, ile mifereji waliyoichimba kwa mikono kuteremsha maji kutoka kwenye mito ya juu. Kwa hiyo kata moja ya mbege ilikuwa na kazi ya ukoo mzima ndani yake: kihamba cha migomba, mfongo, shamba la ulezi, na mti wa msesewe. Ndiyo maana haikunywewa ovyo. Posa haikwenda bila mbege, wazee hawakupatanisha wagombanao bila mbege, na wahenga walimwagiwa chini sehemu yao kabla walio hai hawajaonja. Wagiriki nao walimwaga ya miungu kwanza. Katika karamu zao mvinyo ulichanganywa na maji ndani ya chombo kikubwa, na aliyekunywa mvinyo mtupu alihesabiwa kuwa mshenzi. Kila watu wana njia yao ya kumwambia mlevi kwamba amekosa adabu.

Sasa tufike kwenye sheria, kwa sababu hapo ndipo njia za vinywaji hivi viwili zilipoachana. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia pombe kali za kwao zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Chini ya Waingereza, Tanganyika ikawa na vinywaji vya aina mbili na wanywaji wa aina mbili. Mlowezi alikunywa chupa yake barazani bila hofu. Kibarua wake alikuwa na "pombe ya wenyeji", yenye sheria yake, vibali vyake, na askari wake.

Hata lugha yetu ilibeba jambo hilo. Mvinyo ni neno la Wareno, vinho. Divai ni Kifaransa, du vin. Maneno hayo mawili yalikuja na meli na mapadri, yakakaa vizuri mezani na altareni. Neno pombe likabaki kilabuni. Uhuru ulikuja mwaka 1961, lakini mpango huo haukuondoka wote. Mwaka 1966 ikatungwa sheria dhidi ya gongo, na katika sheria hiyo kinywaji hicho kikaitwa moshi. Watu wa mji huu tumelivumilia jina hilo hadi leo! Mbege si gongo. Haikenekwi, na ukali wake ni wa kadiri ya bia. Lakini mara ngapi mpika mbege ametazamwa kwa jicho lile lile?

Wagiriki wa mlimani wengi waliondoka. Mashamba ya kahawa yalitaifishwa mwaka 1973. Kwao, jina retsina linalindwa na sheria za Ulaya, hakuna taifa la mbali linaloweza kubandika jina hilo kwenye chupa zake. Kwetu, zabibu za Dodoma, zilizoanza na wamisionari wa Kitaliano wa Bihawana, zimepata kituo cha utafiti Makutupora na viwanda. Ndizi nazo zimepata kiwanda, Arusha, tangu mwaka 1993, lakini kinachotiwa chupani ni mvinyo wa ndizi, si mbege. Mbege haikubali chupa. Inaendelea kuchacha, na baada ya siku moja mbili imekuwa chachu mno, hainyweki. Kwa hiyo inapikwa pale inaponyweka, na kina mama wenye mtaji wa sufuria na pipa. Kitu ambacho hakiwezi kusafiri ni vigumu kukipatia mtetezi serikalini, ingawa ndicho kilicholipa ada za shule za watoto wengi wa Majengo.

Nilipomweleza mama yule habari za retsina alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ule msonobari wanaukata au wanautoboa tu. Nikamwambia wanautoboa, mti unabaki hai. Akatikisa kichwa, akasema siku hizi gome la msesewe analinunua kwa mtu anayelitoa mbali, na ulezi nao umepanda bei tangu mwezi uliopita. Jumamosi kuna harusi jirani na wameagiza mapipa mawili. Alikuwa bado hajawajibu.