Tukihama Tunajenga Nini? Swali kwa Wote Wanaosubiri Viza

Neno "pesa" lenyewe ni mhamiaji. Rupia ya Kihindi ilitumika pwani hii mpaka 1920, na sarafu zake ndogo za shaba ndizo zilizoitwa pesa. Rupia ikaondoka, neno likabaki. 2007 ilipokuja huduma ya kutumiana hela kwa simu, ikabatizwa M-Pesa. Kwa hivyo dada yako aliye Jeddah akikurushia hela ya kodi, anatumia neno lililoletwa na watu waliovuka bahari kutafuta maisha kama yeye. Tofauti ni kwamba wao walikuja huku, yeye kaenda kule.

Naandika haya kwa sababu maskani kwetu Mji wa Kale siku hizi stori ni moja tu. Nani kapata viza, nani kaenda medikali, nani ajenti wake kamla hela na simu haishiki tena. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda, na kila wiki kuna mtu ananiuliza mbona sifanyi paspoti. Sasa kabla hatujapanga foleni, hebu tutazame historia, maana sisi si wa kwanza. Nataka kujua jambo moja: kuhama kunajenga nini, na kunamjengea nani?

Tuanze na waliokuja.

Pita Ndia Kuu, tazama juu. Zile roshani za mbao zilizochongwa zina mkono wa Kihindi. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno 1593, na mchoro wake ni wa Muitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Kwao Oman ndiko ulikotoka ukoo wa Mazrui, ambao baadaye ulitawala mji huu mpaka 1837. Watu wa Hadhramaut nao waliingia na majahazi msimu wa kaskazi. Wengi walianza chini kabisa, kubeba mizigo na kuuza kahawa. Wengine walirudi na kusi, wengine wakaoa hapa, na leo wajukuu wao ni Waswahili wenzetu tunaokaa nao baraza moja.

Halafu ikaja reli. Ilianza hapa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, kwa mikataba. Karibu 2,500 walikufa kazini. Soma tena hapo: mkataba, safari ndefu, mshahara mdogo, mwajiri ambaye hajui hata jina lako. Si ni kama unasoma kuhusu Gulf ya leo?

Lakini mkataba ulipoisha, aliyetaka kubaki aliweza kubaki. Walio wengi walirudi kwao, ila karibu 6,700 walikaa. Na hao wachache, pamoja na wafanyabiashara waliokuja kwa nauli zao wenyewe, walifungua maduka, wakaleta wake zao, wakajenga misikiti, mahekalu na shule.

Mfano ni Allidina Visram. Alitoka Kutch, magharibi ya India, akafika Afrika Mashariki miaka ya 1860 akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu. Alianza kwa kuajiriwa na mfanyabiashara mwingine kule Bagamoyo. Alipofariki 1916 alikuwa na maduka kutoka Mombasa mpaka Uganda. Shule yenye jina lake ilifunguliwa hapa kisiwani 1923, na mpaka leo watoto wa kila kabila wanasoma pale. Mwingine ni A. M. Jeevanjee kutoka Karachi, aliyepata tenda za reli. 1902 alianzisha gazeti hapa Mombasa, African Standard. Ndilo hili The Standard unaloliona leo kwenye vibanda vya magazeti.

Sasa, hawa hawakuwa na akili kuliko binamu yako aliye Doha. Walikuwa na ruhusa. Na pale ruhusa ilipokosekana, unaona tofauti: serikali ya kikoloni iliwafungia Wahindi mashamba ya nyanda za juu, ikawawekea Wazungu peke yao. Ndiyo sababu mojawapo Mhindi wa Kenya tunamjua kwa duka, si kwa shamba. Yani sheria ndiyo iliyoamua mgeni ajenge nini.

Tusipambe lakini. Si kila aliyehamia hapa alikuja kwa hiari yake. Ng'ambo ya kisiwa kuna Frere Town, iliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, watu walioporwa kwao bara na kuuzwa. Jasho la watumwa ndilo lililolima mashamba ya pwani, na hakuna shule yenye majina yao. Na sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilipokuja, wenye karatasi walipata, na Wamijikenda wengi wakakosa. Mpaka leo kuna familia zinaitwa maskwota juu ya ardhi walipozikwa babu zao. Mji unaweza kuendelea huku waliouinua wakibaki nyuma. Ukisikia mtu anasema uhamiaji huleta maendeleo, muulize: kwa nani?

Sasa tugeuke. Kule walikotoka kulikuwaje?

Kutch kuna kijiji kinaitwa Madhapar. Watu wake wengi walikuja Kenya kama mafundi wa ujenzi, wengine baadaye wakaenda Uingereza. Leo kijiji hicho kinajulikana kwa wingi wa benki zake, na zimejaa akiba za watu walio ng'ambo. Tetemeko kubwa la ardhi lilipobomoa Kutch Januari 2001, walio nje walisaidia sana kujenga upya.

Hadhramaut ina hadithi nyingine. Ukoo wa al-Kaf ulitajirika Singapore, ukajenga majumba ya udongo yanayopendeza sana mji wa Tarim. Familia nyingi za bonde lile ziliishi kwa hela za ng'ambo. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, Wajapani wakaiteka Singapore na Java, hela zikakatika. Mvua nazo zikagoma. 1943 na 1944 watu wakafa njaa. Majumba yalikuwepo, chakula hakikuwepo.

Hiyo ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi, kwa sababu inatuhusu. 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, zaidi ya tunachopata kwa chai. Marekani inaongoza, na Saudia iko kati ya nchi za juu. Hizo hela si mchezo. Mamangu mdogo yuko Riyadh mwaka wa sita sasa. Kasomesha wanawe wawili, kaezeka nyumba ya nyanya Kisauni, na dawa za nyanya za presha ni yeye. Na kule anakofanya kazi anajenga pia: kwa sababu yeye analea watoto wa mwajiri, mama mwenye nyumba anaweza kwenda ofisini.

Lakini mamangu mdogo anapika mahamri ambayo mtaa mzima ulikuwa ukipangia foleni. Miaka sita Riyadh hajauza hata moja, wala hawezi. Chini ya kafala, kukaa kwako nchini kunategemea mwajiri aliyekuleta. Huwezi kumleta mumeo, huwezi kufungua kibanda. Saudia imepata mikono yake, haijapata mahamri yake. Na sisi tumepata hela zake, tumemkosa yeye.

Mtazame sasa Ali Mazrui. Kazaliwa hapa Mombasa 1933, akafundisha Makerere, akaondoka enzi za Idi Amin, akaenda Marekani. Kule walimpa darasa, si kazi tu. Alifundisha, akaandika, akatengeneza kipindi cha televisheni kuhusu Afrika kilichotazamwa dunia nzima. Alipofariki 2014 alirudishwa kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Mtoto wa waliohamia, naye akahama, na pande zote mbili zikapata kitu.

Msimamo wangu ni huu. Mhamiaji hujenga kadiri anavyoruhusiwa, na hela zake hujenga kadiri zinavyopangwa. Mwaka wa 2012, na tena 2014, serikali ilizuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda Uarabuni. Watu walipita njia za panya. Kufunga mlango hakusaidii. Kinachosaidia ni mkataba kati ya nchi na nchi unaomruhusu mfanyakazi kubadilisha mwajiri na kushika paspoti yake mwenyewe. Na usiniambie haiwezekani: 2020 Qatar ilibadilisha sheria mfanyakazi aweze kuhama bila ruhusa ya mwajiri. 2021 Saudia nayo ililegeza, ila wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje. Hapo ndipo serikali yetu ingekuwa inapiga kelele, badala ya kuhesabu dola tu.

Na sisi nyumbani tuna letu. Hela ya ng'ambo ikiishia kwenye geti na vigae, tunajenga Tarim. Angalau fungu moja liingie kwenye kitu kitakachozalisha hata siku simu ikinyamaza: cherehani, tuktuk, hisa za chama, ada ya chuo cha ufundi.

Unaenda? Nenda, sikuzuii. Angalia kwanza kama ajenti wako yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, piga picha kila karatasi, mwachie nakala mtu unayemwamini. Na kama una mtu wako kule tayari, leo ukimpigia usianze na atatuma ngapi. Muulize akirudi anataka kufanya nini hapa, halafu muanze kuweka akiba ya hicho kitu.