Kitu Kidogo Ndani ya Keto Yako

Leo tuongee kuhusu kitu kidogo. Hapana, si ile ya trafiki. Nasema kitu kidogo kwa maana yake ya kawaida: kipande cha chuma chembamba, kipana kama shilingi, kinachokaa ndani ya birika la stima, ama keto kama tunavyosema mtaani. Kazi yake ni moja tu. Maji yakichemka, kinasema "tak!" na stima inakatika.

Ukinunua keto unaangalia jina lililo mbele. Unauliza kama ni orijino, unauliza bei, unauliza kama kuna ya rangi nyeusi. Hakuna mtu huuliza ile "tak" imetengenezwa na nani. Na bana, ndiyo sehemu pekee inayojua kama maji yamechemka au yamekauka. Zingine zote ni chombo na koili. Geuza keto uangalie pale chini inapokalia kitako chake, kwenye plastiki. Kwa nyingi utaona neno dogo limepigwa chapa: Strix. Kwa zingine ni Otter. Hayo majina mawili yametoka kwa familia moja, na hadithi yao ndiyo imenileta hapa.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe, kwa sababu bila hiyo historia yote itakuwa majina matupu. Chukua metali mbili tofauti, uzibane pamoja mgongo kwa mgongo. Zikipata joto, moja inatanuka sana, nyingine kidogo. Kwa vile zimeshikana, haziwezi kutanuka kila mmoja kivyake, kwa hivyo zinajipinda. Sasa ukitengeneza hicho kipande kama kisahani chenye tumbo, kitavumilia joto, kivumilie, halafu ghafla tumbo linageuka upande wa pili. Kile kishindo ndicho kinasukuma swichi. Kikipoa kinarudi. Hakuna betri, hakuna kompyuta, hakuna programu.

Katika keto ya kawaida, kisahani kimoja hukaa mbali na maji, mara nyingi juu karibu na mkono au chini kwenye njia ya mvuke. Maji yakichemka, mvuke unapitia tundu, unakigonga, tak. Ndiyo maana ukiacha kifuniko wazi keto itachemka hadi jirani alalamike. Mvuke unatorokea juu, kisahani hakijui lolote. Visahani vingine hukaa chini kabisa, vimegusa kile kitako chenye koili. Hivyo ni vya siku ile umewasha keto bila maji. Chuma kikipanda joto kupita kiasi vinaruka kabla plastiki haijaanza kuyeyuka.

Na hapa kuna kitu kinachonifurahisha mimi kama mtu wa Nairobi. Sisi tuko mita kama 1,700 juu ya bahari. Huku maji hayachemki kwa digrii 100, yanachemka kwa karibu 94 au 95. Kama keto ingekuwa na kipimajoto kinachosubiri maji yafike 100, ingechemka mpaka yakauke, na Eldoret mambo yangekuwa mabaya zaidi. Lakini kisahani cha mvuke hakisubiri namba, kinasubiri mvuke. Kwa hivyo keto ileile inafanya kazi Likoni na inafanya kazi Nyahururu. Wazo hilo limetutatulia shida ya milimani.

Tuanze historia sasa. Keto za umeme ni za zamani, zilianza kuuzwa Uingereza kwenye miaka ya 1890. Shida ni kwamba koili ilikaa nje ya maji, chini kwenye chumba chake, na kuchemsha kulichukua muda mrefu. Mwaka 1922 mhandisi wa Birmingham, Leslie Large, akaweka koili ndani ya bomba la chuma linaloweza kukaa majini kabisa. Sasa ilichemka haraka, lakini ilikuwa bado mjinga: haikujua kunyamaza. Mwaka 1955 Bill Russell na Peter Hobbs, waliokuwa wamefanya kazi kampuni moja kabla ya kujitoa, wakaleta keto ya K1 iliyojizima yenyewe kwa kutumia mvuke na metali mbili. Hao tunawakumbuka, kwa sababu majina yao bado yako kwenye maboksi madukani.

Yule tusiyemkumbuka ni Eric Taylor. Kampuni aliyokuwemo, Baxter, Woodhouse & Taylor, ilitengeneza mavazi ya marubani. Kumbuka ndege za vita vya pili zilikuwa baridi kama friji, na baadhi ya hayo mavazi yalipashwa joto kwa umeme. Fikiria: umevaa koili mwilini, uko angani usiku. Lazima kuwe na kitu cha kukata stima kabla hujageuka nyama choma. Swichi ndogo za joto zikawa jambo la maisha na kifo. Vita vilipoisha, Taylor akaanzisha Otter Controls, ambayo ikakita mizizi Buxton, mji wa Derbyshire, ikitengeneza vidhibiti vya metali mbili. Mwaka 1951 akafungua tawi kwenye kisiwa cha Isle of Man, kile kilicho katikati ya Uingereza na Ireland ambacho wapenda pikipiki wanakijua kwa mbio. Tawi liliitwa Castletown Thermostats.

Mwanawe John, aliyezaliwa 1936, alisomea sayansi Cambridge, akamaliza 1959 na kuingia kwa biashara ya baba. Usidhani alikaa ofisini kusubiri kurithi kiti. Huyu alikuwa mvumbuzi kweli, na leo anahesabiwa hataza zaidi ya 400 duniani. Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na kile kisahani kimoja miaka na miaka: akikate vipi, akitoboe wapi, kiruke kwa joto gani, kirudi mara ngapi bila kuchoka. Mtu mwingine angechoka yeye kabla ya kisahani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa kisiwani ukawa kampuni inayojisimamia, chini ya John, kwa jina Strix. Otter ni fisi-maji kwa Kiingereza. Strix ni jina la kisayansi la kundi la bundi. Baba fisi-maji, mtoto bundi. Kwetu mtu akiita biashara yake bundi, nyanya angeitisha maombi usiku huohuo.

Sehemu inayofuata wengi wa familia zenye biashara hapa Kenya wataielewa bila kuelezwa. Kampuni ya mtoto na kampuni iliyoanzishwa na baba zikawa wapinzani. Zilikuwa zinauza kitu kilekile kwa wateja walewale. Zikafikishana mahakamani kuhusu hataza. Kesi ya Strix dhidi ya Otter iko kwenye ripoti za sheria za 1995, na mawakili wa Uingereza bado huitaja. Sisi tumezoea kesi za shamba, mawe ya mpaka, nani alizikwa wapi. Hawa waligombania umbo la kibati. Lakini niambie ukweli, kuna tofauti gani? Kibati kilikuwa shamba lao.

Ila kuna tofauti moja, nayo ndiyo maoni yangu ya leo. Shamba ukigawa linapungua. Hii ya kwao ilipogawanyika, dunia ikapata viwanda viwili vinavyoshindana kutengeneza kitu kidogo vizuri zaidi. Keto za plastiki zilipoingia sokoni, usalama wa kukauka maji ukawa jambo la lazima, kwa sababu chuma kinaweza kuvumilia lakini plastiki inawaka. Halafu miaka ya 1990 zikaja keto zisizo na waya, zile unaziweka kwenye kitako kwa upande wowote, digrii 360, hata gizani. Mwenye mkono wa kushoto na mwenye mkono wa kulia wakawa sawa. Hiyo nayo ilitoka kwa watu wa vidhibiti, si kwa wenye majina ya mbele ya boksi.

Sasa mtu ataniuliza: mbona hao Wachina wasinakili tu, ni kibati? Walinakili, na sana. Strix wenyewe walifungua kiwanda China, Guangzhou, kwa sababu huko ndiko keto za dunia zinaundwa. Na walipoona nakala za hataza zao, hawakulia kwenye magazeti. Walienda mahakamani hukohuko China, na mwaka 2010 mahakama ya Beijing ikawapa haki dhidi ya watengenezaji wa hukohuko. Kampuni ya kisiwa kidogo ilishinda ugenini, refa akiwa wa nyumbani.

Hapo ndipo huwa nashika kichwa nikifikiria Kamukunji. Tuna mafundi pale wanaokunja bati kwa jicho tu, bila rula, na mzunguko unatoka sawasawa. Ustadi upo. Kinachokosekana ni kile John Taylor alikuwa nacho tangu mwanzo, yaani tabia ya kuandika kila wazo na kulisajili. Fundi wa Kamukunji akibuni kitu Jumatatu, Ijumaa kibanda cha pili kinakiuza kwa bei ya chini, na yeye anacheka tu kwa sababu wiki iliyopita alimfanyia jirani hivyohivyo. Taasisi ya KIPI iko Nairobi, hataza inalinda wazo miaka 20, lakini ukimtajia fundi atakuuliza hiyo itampa unga leo? Na swali lake ni la haki. Familia ya Taylor ilikuwa na kiwanda tayari na elimu ya Cambridge. Hatukuanzia mstari mmoja. Lakini pia hawakutengeneza keto nzima hata siku moja kuwa ndiyo biashara yao. Sisi tukisema "viwanda" tunawaza gari, simu, trekta, kitu cha kukatiwa utepe na waziri. Hakuna waziri atakata utepe wa kisahani.

Halafu kuna ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Kila aliyekaa hosteli anaijua, na kila hosteli imeipiga marufuku, na bado iko chini ya kitanda. Nyingi hazina kisahani chochote. Ukisahau, maji yanaisha, ndoo inayeyuka, godoro liko karibu. Marubani wa Taylor walikatiwa stima kabla ya kuungua zaidi ya miaka 80 iliyopita. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza bado analindwa na pua yake.

Kuhusu familia yenyewe, John alistaafu 1999, umiliki wa Strix ukaenda kwa wengine, na mwaka 2017 hisa zikaanza kuuzwa London. Kwa hivyo ile bundi si ya nyumbani tena.

Pesa nyingine yake ilienda kwa kitu cha ajabu. Kule chuo alichosoma, Corpus Christi, ukutani kuna saa kubwa ya dhahabu isiyo na mishale, na juu yake amekaa panzi wa kutisha anayekula dakika. Stephen Hawking aliizindua mwaka 2008. Iligharimu pauni milioni moja, na makusudi kabisa huonyesha saa sahihi mara moja tu kila dakika tano. Taylor aliitengeneza kumheshimu John Harrison, seremala wa karne ya 18 aliyetengeneza saa za kuelekeza meli. Harrison alikuwa na shida kwamba saa zake zilibadilika kasi kukiwa na joto au baridi, akaitatua kwa kubana vipande viwili vya metali pamoja, mgongo kwa mgongo. Ndiye wa kwanza kufanya hivyo.