Uigaji wa pamoja wa gridi ya umeme na mtandao wa mawasiliano

Uigaji wa pamoja wa gridi ya umeme na mtandao wa mawasiliano ni njia ya kuichunguza mifumo hiyo miwili kwa kompyuta kwa wakati mmoja, ili kuona jinsi hitilafu ya mmoja inavyoweza kuuangusha mwingine. Programu mbili au zaidi huunganishwa: moja hukokotoa volti na mkondo katika nyaya, nyingine hufuatilia ujumbe unavyosafiri kati ya vifaa.

Kutegemeana

Vipimo vya vituo vya kupoza umeme hutumwa kwenye kituo cha udhibiti, na amri za kufungua au kufunga swichi hurudi kwa njia hiyohiyo. Mawasiliano nayo hayaendi bila umeme. Nchini Tanzania mifumo hii imeshikamana hata kwenye minara, kwa kuwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hutumia kwa sehemu faiba zilizo kwenye njia za umeme za TANESCO. Mtumiaji wa LUKU anaijua hali hiyo: hununua umeme kwa simu, akapata tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Mtandao ukikatika, mwenye pesa naye hulala gizani.

Tarehe 28 Septemba 2003 umeme ulikatika karibu Italia nzima. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha makala iliyotumia tukio hilo kueleza jinsi vituo vya umeme vinavyozimika vikazima vya mawasiliano, navyo vikaangusha vingine vya umeme.

Tatizo la saa

Programu ya umeme husonga kwa hatua za muda zilizopangwa, lakini ujumbe hufika wakati wowote. Saa zao zisipolinganishwa, swichi inaweza kupokea amri ambayo bado haijatumwa! Kwa hiyo huwekwa programu msimamizi inayoiruhusu kila moja kusonga mbele kwa zamu. EPOCHS, iliyoelezwa mwaka 2006, ni miongoni mwa kazi za mwanzo. Siku hizi hutumika mosaik ya Ujerumani na HELICS ya Marekani.

Mfano wa Mbulu na Hanang

Mji wa Mbulu uko kwenye nyanda za juu, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Katesh, makao makuu ya Hanang, uko chini ya mlima Hanang (mita 3,417). Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlimani viliua zaidi ya watu 80 na kuharibu barabara na miundombinu mingine.

Chukulia tope limeangusha nguzo za umeme. Programu ya gridi peke yake itasema swichi ifunguliwe kwa mbali, na upande uliosalama upate umeme baada ya dakika chache. Ile ya mawasiliano, ikidhani umeme upo, itasema minara ni mizima. Zikiendeshwa pamoja, betri za mnara huisha, amri haifiki, na fundi hulazimika kwenda kwa gari katika barabara iliyozibwa na tope. Hapo ndipo huonekana ni mnara upi uongezewe betri kwanza ili hospitali, kama ile ya Haydom wilayani Mbulu, isitegemee jenereta kwa muda mrefu.

Majibu hufuata takwimu zilizoingizwa. Betri iliyochakaa ikiandikwa kuwa mpya, kompyuta itatoa jibu la kufurahisha lisilo la kweli.