Mechi ya Nyota na Mieleka ya Maonyesho

Februari 2024, mjini Indianapolis, Mashariki iliifunga Magharibi 211 kwa 186. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu kuvuka pointi 200 katika Mechi ya Nyota wa NBA, na usiku ule uliudhi wapenzi wengi wa kikapu. Walinzi walijisogeza pembeni, mfungaji akapita kama mtu anayeingia sebuleni kwake.

Wajapani wanajua vizuri kutenganisha vita na maonyesho. Sumo ina mashindano makuu 6 kwa mwaka, kila moja siku 15, na hayo ndiyo humpandisha au kumshusha mtu daraja. Nje ya hayo ipo mieleka ya maonyesho, ambayo ushindi wake hauhesabiwi. Humo huchezwa shokkiri: wanamieleka wawili wa madaraja ya chini hutemeana maji, hupigana mateke, huvunja miiko ya ulingo mmoja baada ya mwingine, na ukumbi mzima hucheka. Mtoto aliyekaa pale hujifunza papo hapo mbinu zipi ni haramu. Hakuna anayedai kiingilio chake kimeliwa, maana hakuna aliyeahidiwa vita.

NBA inataka vyote viwili, kicheko na vita, ndani ya usiku mmoja. Wakongwe huwalaumu vijana kwa uvivu, mimi siafiki. Ligi inaendelea siku chache baadaye. Mtu aumie goti kwa lipi?

Na wakipewa sababu, hupigana. Katika Mechi ya Nyota ya Chicago, 2020, robo ya mwisho ilichezwa bila saa. Waliokuwa mbele walikuwa na 133. Zikajumlishwa 24, namba ya jezi ya Kobe Bryant aliyefariki mwezi uliotangulia, na wa kwanza kufika 157 ndiye mshindi. Mchezo ukageuka. Kyle Lowry alisimama njiani akubali kuangushwa, Giannis akaruka kumzuia LeBron. Anthony Davis alipewa mitupo miwili: wa kwanza akaukosa, wa pili ukaingia. 157 kwa 155.

Shokkiri yao NBA wanayo tayari: ni Jumamosi ya mashindano ya kudanki, yaliyoanza 1984, na pale madoido ni halali yake. Mechi yenyewe, ya Jumapili, imalizwe bila saa, kila mwaka, hadi mtupo wa mwisho.