Shahada ya uchumi: Mambo ya kuangalia kabla ya kuchagua chuo

Na Mwandishi Wetu

MATOKEO ya kidato cha sita yanapotangazwa, wahitimu wa michepuo ya EGM, HGE na ECA huwa na muda mfupi wa kuamua watasomea wapi uchumi, na wengi hufuata jina la chuo. Hapo ndipo matatizo huanzia, kwani shahada zinazobeba neno uchumi hazifanani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ambacho chimbuko lake ni mwaka 1961, kina jina kubwa katika fani hii. Waliopata kufundisha uchumi hapo ni pamoja na Profesa Ibrahim Lipumba na marehemu Profesa Benno Ndulu, Gavana wa Benki Kuu kati ya mwaka 2008 na 2018. Chuo Kikuu Mzumbe kina shahada inayounganisha uchumi na upangaji wa miradi. Kwa Sokoine (SUA), Morogoro, uchumi ni wa kilimo, na anayetamani kazi ya benki ajiulize mara mbili. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kilichoanzishwa mwaka 2007, kipo mji mmoja na wizara za serikali.

Hata hivyo, kinachowaangusha wengi ni hisabati. Mwanafunzi aliyetoka HGE akidhani uchumi ni maelezo hukutana na hisabati, takwimu na ekonometria, yaani upimaji wa nadharia za uchumi kwa takwimu. Ni vyema kuomba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu kabla ya kulipa ada ya maombi. Kozi iliyopunguza hisabati ni nafuu kuimaliza, lakini humpa mhitimu taabu anapotaka shahada ya uzamili au kazi ya utafiti.

Sifa za kujiunga hutolewa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambamo alama A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Kufikisha kiwango cha chini ni ruhusa ya kuomba tu, nafasi hugombewa.

Mikopo ya HESLB hutolewa kwa kuzingatia uhitaji, hivyo wawili wa kozi moja huweza kupata viwango tofauti. Mzazi asisahau pango, endapo hosteli zitajaa.

Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, ndani ya muda uliopangwa.