Mpira: jina lililotoka msituni

Mjini Bunia, mkoani Ituri, Kongo, mchezo unaopendwa kuliko yote una majina matatu. Kwa Kiswahili ni mupira, kwa Kilingala ni ndembo, na anayesema Kifaransa huuita foot. Hili la tatu asili yake ni Uingereza. Mawili ya kwanza yametoka katika misitu ya Afrika, na yamebeba historia nzito ya Kongo.

Waingereza waliunda Football Association mjini London mwaka 1863 ili waandike kanuni za pamoja. Jina hilo linataja mguu na tufe. Baadaye wanafunzi wa Oxford walilifupisha neno "association" likawa soccer, ndiyo soka ya watangazaji wa Nairobi na Dar es Salaam. Wahispania walilichukua football wakaliandika kwa sauti yao: fútbol. Mwaka 1908 mwandishi wa habari Mariano de Cavia alipendekeza neno la Kihispania chenyewe, balompié, tufe na mguu. Watu hawakulishika, ingawa klabu ya Real Betis Balompié ya Sevilla inalo hadi leo.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Kilifika Ituri katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka pwani. Mpira ni mmea wa msituni unaotambaa juu ya miti, na ukichanjwa hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo ukiganda nao ni mpira, na tufe linalotengenezwa kwa utomvu huo ni mpira pia. Ndembo ya Kilingala ina maana hizohizo. Katika jina la mchezo Mzungu alitaja pia kiungo kinachopiga. Sisi tuliupa jina la kitu kinachopigwa peke yake, na kitu hicho kilitoka kwetu.

Kilitoka kwa damu. Baada ya mvumbuzi Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888, viwanda vya Ulaya vilizidi kuhitaji utomvu. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo tangu 1885, aliruhusu vijiji vilazimishwe kuuvuna kwa kiasi kilichopangwa. Wanawake walishikwa mateka hadi waume warudi na mzigo. Watu waliuawa, wengine wakakatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, ya mwaka 1904 iliyaanika mateso hayo mbele ya dunia, na mwaka 1908, mwaka uleule wa balompié, Leopold aliikabidhi nchi kwa dola la Ubelgiji.

Mchezo wenyewe ulienezwa na wakoloni na wamisionari. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto waliunda timu mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza matairi, na kwa jina hilo ikatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Ndiyo TP Mazembe ya sasa. Vijana wa Kongo walipanda kileleni mwa Afrika kwa jina la kampuni ya mpira, bidhaa iliyowaangamiza mababu wengi.

Kwa hiyo walimu na makocha wa Bunia wanaofundisha watoto kanuni zilizoanzia London mwaka 1863 wawafundishe pia yaliyotendeka hapa Kongo kati ya 1885 na 1908. Mtoto anayetamka mupira kila siku ana haki ya kujua bei iliyolipwa.