Bunduki, Kamera na Ndege wa Bustanini

Katika karne ya kumi na tisa, mtu aliyetaka kumjua ndege kwa yakini hakuwa na njia ila kumwua kwanza; kwani wataalamu wa Ulaya, na maofisa waliowakusanyia vielelezo huku kwetu, hawakuridhika na ithibati yoyote isipokuwa ngozi iliyojazwa pamba, ikafungwa mguuni kikaratasi chenye mahali na tarehe, ikalazwa kabatini katika nyumba ya makumbusho. Frederick Jackson, aliyepata kuwa Gavana wa Uganda, alikusanya ngozi za namna hiyo kwa miaka mingi, na kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda hakikutoka hata 1938, naye amekwisha kufariki tangu 1929, ikambidi W. L. Sclater kukikamilisha. Si haki kumlaumu sana, maana bila ya kazi ile vitabu tuvisomavyo leo visingekuwa na msingi.

Ajabu ni kwamba kamera nayo ilimwendea ndege kwa sura ya bunduki. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey, akitaka kufahamu mabawa yanavyokwenda angani, alitengeneza chombo chenye mtutu na kitako, kilichotwaa picha kumi na mbili kwa sekunde moja. Lakini waliomfuata ndege mpaka kiotani mwake ni Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili wazaliwa wa kijiji cha Thwaite katika Yorkshire. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai karibu na Enfield, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege wa Uingereza, kilichopambwa kwa picha za kamera badala ya michoro. Kwa kuwa vyombo vya siku zile vilikuwa vizito na havikuweza kuvuta kitu cha mbali, iliwalazimu kumkaribia ndege hatua chache tu bila ya kumshtua. Ndipo walipobuni maficho ya kila namna, na mashuhuri kupita yote ni ng'ombe wao wa 1900, ngozi tupu iliyowambwa juu ya kiunzi, ambamo mtu alijibana na kamera yake akachungulia tunduni, huku jua likimchoma na miguu ikimfa ganzi, akimngoja mwenye kiota arejee kwa hiari yake. Mwindaji mwenye bunduki hakuhitaji subira ya kadiri hiyo.

Mwaka 1909 njia hizo mbili zilikutana katika Afrika ya Mashariki. Theodore Roosevelt, aliyetoka kuwa Rais wa Marekani, alikuja na msafara uliokusanyia makumbusho ya Smithsonian wanyama wengi, na pamoja nao ndege zaidi ya 4,000. Na Cherry Kearton alikuja nchi hizo hizo akiwa na mashine ya sinema, akampiga picha Roosevelt mwenyewe, na filamu yake ikaonyeshwa mwaka uliofuata.

Hata hivyo picha humhifadhi ndege, haimtaji jina. Upungufu huo ulizibwa na Roger Tory Peterson wa Marekani, ambaye kitabu chake cha 1934 kiliwapanga ndege wanaofanana pamoja na kuonyesha kwa mishale midogo alama zinazowatenga. Na mwaka 1963 J. G. Williams wa makumbusho ya Nairobi akatuletea kitabu cha kuchukulika mkononi juu ya ndege wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Tangu hapo mwenye bustani Tanga au Mombasa aliweza kumtazama chozi dume juu ya ua, akalinganisha kifua chake na ukurasa. Kwa chozi jike mambo ni magumu zaidi, kwani majike wa jamii mbalimbali hukaribia kuwa wamoja kwa rangi.

Wagumu kuliko hao ni wale ndege wadogo wa hudhurungi wa majanini, wa jenasi ya Cisticola, ambao picha safi kabisa aghalabu haitoshi kuwapambanua. Admirali Hubert Lynes, aliyewatungia kitabu kizima mwaka 1930, aliyategemea masikio sawa na macho, na majina yao mengi ya Kiingereza yametokana na milio yao: yuko mwimbaji, yuko mwombolezaji, na yuko mkoromaji.